Kapeti limefura, mume anataka marumaru za kung'aa, mama mkwe anataka mkeka

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kange, hapa Tanga. Tulihamia kwetu mwaka juzi nyumba ikiwa haijakwisha, kama wengi tunavyofanya. Bati lipo, madirisha yapo, plasta ya ndani ipo, ya nje bado, na chini ni jamvi la zege lililolainishwa kwa saruji. Sebuleni tukatandika kapeti lile la plastiki la kukatiwa kwa mita, lenye picha ya mbao. Lilipendeza mpaka wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa.

Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya mwaka huu likaanza kufura upande wa dirishani, ukilikanyaga linalia kama mguu uliozama kwenye tope. Nikalifunua. Chini kumelowa, mgongo wa kapeti umeota madoa meusi, na harufu ni ile ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mtoto wangu wa pili ana pumu, na siku hizo usiku alikuwa hapumui vizuri. Nimelitoa lote, nimelikunja nyuma ya nyumba. Hata hivyo halikuwa zima tena. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo sebuleni, pasi yangu ni ya mkaa, na cheche zimelitoboa matundu saba mbele ya meza ya kupigia pasi. Nimeyahesabu.

Sasa nimepokea hela yangu ya mchezo wa upatu, milioni mbili na nusu. Baba watoto anataka marumaru nyeupe zinazong'aa, zile kubwa za sentimita 60 kwa 60, nyumba nzima. Aliziona kwa rafiki yake, na tangu arudi hana habari nyingine. Fundi wetu anamuunga mkono, anasema marumaru zitaumaliza huo unyevu, na ameshaanza kupima. Mama mkwe tunaishi naye, ana miaka 74, anatembea na mkongojo, na kila akitoka kutawadha anapita koridoni miguu imelowa. Yeye anasema tunahangaika bure. Kwao Pangani watu wamezaliwa juu ya mkeka na wametolewa kwenda kuzikwa juu ya mkeka, na sakafu ya saruji haijamuua mtu.

Sebule ni mita 5 kwa 4, korido 6 kwa 1.2, jiko 3 kwa 3, na vyumba vitatu vya 3 kwa 3.5 kila kimoja. Nje bado ni mchanga mtupu, isipokuwa chini ya dirisha la sebule ambapo baba watoto amejaza udongo mweusi akapanda maua. Anayamwagilia kila jioni na yamestawi kweli.

Nitandike kitu gani kitakachodumu? Na nimwambieje mume wangu bila kumvunja moyo?

Mama Cherehani, Kange, Tanga

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale penye maua nikaparudia mara ya tatu. Kapeti lilianza kufura upande wa dirishani. Maua yako chini ya dirisha hilo hilo, na yananyweshwa kila jioni. Umeyaandika mwishoni kama pambo la barua, kumbe huenda jibu lenyewe limekaa hapo.

Toka nje sasa hivi ukaangalie udongo wa bustani umefika wapi ukutani, kisha ulinganishe na usawa wa sakafu ya ndani. Ukiukuta umeipita sakafu, au umelingana nayo, basi ukuta wako unakunywa. Tofali la saruji lisilopigwa plasta huvuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Yakishaingia ndani hutafuta pa kutokea, na kwako yamekuta plastiki isiyopitisha maji wala mvuke. Inawezekana kabisa sakafu hiyo ilikuwa ikilowa na kukauka tangu mhamie, ila hamkujua kwa sababu ilikuwa ikikauka yenyewe. Mlipoifunika ndipo ikashindwa kukauka.

Cha kwanza, basi, hakihusu duka lolote. Udongo wa maua uondolewe ukutani, ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na ardhi iinamie upande wa uani ili maji ya mvua yaende zake. Maua yahamie mita moja na nusu mbele, hayatakufa. Ukuta huo wa nje upigwe plasta hata kama kuta nyingine zitasubiri mwakani. Na kama bati lenu halina gata, tazama mvua inapodondokea. Nimeona nyumba nyingi ambazo paa linamwaga maji yote miguuni pa ukuta, halafu mwenye nyumba anamlaumu muuza kapeti.

Kuna swali la pili ambalo atakayelijibu ni aliyewamwagia jamvi: je, kabla ya zege alitandika nailoni? Ile karatasi nene ya plastiki juu ya kifusi ndiyo inayozuia unyevu wa ardhini usipande. Mafundi wengine huiruka ili kubana gharama, na ikisharukwa huwezi kuirudisha bila kuvunja. Usihangaike kumbana akiri, kwa sababu sakafu itajisema yenyewe. Chukua vipande vya nailoni safi vya kama nusu mita kwa nusu mita, vibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, kimoja dirishani, kimoja katikati ya sebule, kimoja chumba cha mbali. Viache siku mbili. Ukivibandua ukakuta matone chini ya nailoni, au saruji imegeuka nyeusi, hapo pana maji yanayopanda. Dirishani peke yake kukilowa, mwenye kosa ni bustani. Vyote vitatu vikilowa, jamvi lenu halina nailoni.

Nakuomba ulifanye hilo mapema, kwa sababu fundi wenu amesema jambo ambalo nimelisikia miaka yote niliyopiga magoti kwenye sakafu za watu (na magoti haya leo yananidai). Vigae, hizo mnazoziita marumaru, haviumalizi unyevu. Vinaufunika. Maji yatapita kwenye maungio, yatabeba chumvi ya saruji na ya mchanga, na utaanza kuona unga mweupe kwenye mistari kila ukipiga deki. Unafuta leo, kesho umerudi. Tofauti ya kigae na kapeti ni kwamba kigae chenyewe hakiozi na hakiotishi ukungu mgongoni, kwa hiyo kwenye sakafu yenye unyevu mdogo kitakaa. Lakini kikitandikwa juu ya sakafu inayolowa kila masika, utalipia kazi mara mbili.

Lile kapeti mlitupe. Usilikate vipande ukatandika vyumbani, hata kama roho inauma. Ukungu umeshaingia mgongoni na mtoto ana pumu. Sakafu isugueni kwa maji na sabuni, madirisha yawe wazi, yeye awe kwa jirani siku hiyo. Kapeti la plastiki silichukii. Kwenye sakafu kavu, chumba cha kulala kisicho na pilikapilika, linafaa na ni rahisi. Kwako halifai, na si kwa unyevu tu, maana pasi ya mkaa na plastiki ni maadui.

Sasa tuingie dukani. Kule vyote vinaitwa marumaru, ingawa jiwe la marumaru lenyewe halimo humo, ni udongo uliochomwa. Wewe unahitaji kujua makundi mawili tu, seramiki na posileni. Muuzaji atakuambia chochote unachotaka kusikia, kwa hiyo usimuulize. Omba kigae kimoja, kigeuze mgongo, dondoshea maji. Seramiki itayanywa mbele ya macho yako na kuacha doa jeusi. Posileni itayaacha yakae juu kama umande kwenye jani la mgomba, kwa sababu haifyonzi zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Kisha tazama ubavu. Seramiki ikibanduka kipande, chini ya rangi utaona udongo mwekundu au mweupe, na doa hilo utaliona kila siku. Kuna posileni ambayo rangi yake imeshuka mpaka chini, na hiyo hata ikibanduka si rahisi mgeni kugundua. Kwa sebule yenye cherehani, pasi nzito na watoto watatu, ningechukua posileni. Kwa ukuta wa jikoni seramiki inatosha kabisa.

Kwenye boksi tafuta namba mbili. Ya kwanza inaandikwa PEI, inapanda mpaka 5, na inapima ngozi ya juu ya kigae inavyohimili kusuguliwa. Vyumbani 3 inatosha, lakini sebule yenu inafungukia mchangani, na mchanga wa Tanga ni msasa. Kila mteja anayekuja kuchukua gauni lake anaingia na punje chache chini ya ndala, anazisaga kuanzia mlangoni mpaka kwenye cherehani. Chukua 4. Ya pili ni herufi R na namba kuanzia 9 hadi 13, inayopima kuteleza. R9 ndiyo inayoteleza zaidi. Sebuleni, jikoni na koridoni tafuta R10, na pale mama mkwe anapotawadhia iwe R11, vigae vidogo vya sentimita 30, sakafu iinamie kwenye tundu la maji.

Tumefika kwa baba watoto.

Vigae vyeupe vinavyong'aa ni vizuri siku ya kwanza, hilo simkatalii. Baadaye ule mchanga utachora njia iliyofifia kutoka mlangoni hadi jikoni, na weupe utaonyesha kila unywele na kila uzi wa cherehani yako. Lakini si hayo yanayonitisha. Kinachonitisha ni mkongojo wa mama yake, miguu iliyolowa, na korido ya mita sita isiyo na pa kushika. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule, nyumba nzima inageuka wodi.

Usimwambie hayo kwa mdomo. Mwombe mkaazime dukani vigae viwili, kimoja cha ule mng'ao anaoutaka, kingine cha rangi ile ile lakini kisichong'aa. Viweke kibarazani, vimwagie maji, mwambie avue viatu avikanyage vyote viwili, kwanza kimoja kisha kingine. Nimewafanyia hivyo wanaume wengi wenye msimamo, na kwa kawaida wanashuka kimya. Ukubwa wa 60 kwa 60 mwachie, hauna ubaya. Rangi achague yeye, ila umsogeze kidogo kutoka kwenye nyeupe kwenda rangi ya mchanga au kijivu hafifu. Hapo atakuwa amepata vigae vyake vikubwa, na hakuna atakayesema alishindwa.

Mama mkwe naye msikilizeni, kwa sababu katika ubishi wote huu yeye ndiye aliyekaribia ukweli. Mkeka wa ukindu ulidumu kwao kwa sababu ulinyanyuliwa. Asubuhi unakung'utwa, unaanikwa, sakafu inapata hewa, jioni unarudi. Na zile nyumba za zamani za Pangani, za mawe na chokaa, zilikuwa zikilowa na kukauka kwa sababu chokaa inapitisha mvuke. Sisi tumeleta saruji na plastiki, vitu vinavyoziba, halafu tunashangaa kuona ukungu. Chumba chake kiacheni na saruji. Kama ina nyufa na mashimo, kwangueni, mpige upya kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo, kisha niru juu, yaani uji wa saruji tupu wa kulainishia. Baada ya hapo ifunikeni kwa magunia mabichi na muimwagilie siku saba. Sakafu nyingi za saruji zinazotoa vumbi na kupasuka ziliharibiwa na haraka ya siku hizo saba, mchanganyiko ulikuwa hauna kosa. Akitandika mkeka wake hapo, ataswali vizuri kuliko juu ya kigae cha baridi.

Ila mkeka usitoke chumbani kwake ukaja kwenye vigae. Mkeka juu ya kigae unateleza kama sahani juu ya maji, na mkongojo ukiukanyaga pembeni basi. Na kwenye kona yako ya cherehani usiuweke kabisa. Pini ikianguka kwenye mkeka inaingia kati ya ukili na ukili, wewe huioni, na anayeipata ni mtoto kwa kisigino. Kwenye kigae cha rangi ya mchanga utaiona imelala.

Hesabu sasa. Hela uliyonayo isitandazwe nyumba nzima. Sebule mita za mraba 20, korido 7.2, jiko 9, jumla 36.2. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, unafika karibu 40. Boksi la vigae vya 60 kwa 60 mara nyingi lina vinne, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni maboksi 28. Nunua 29, la mwisho likae akiba. Hakikisha yote yana namba ile ile ya toleo, iko ubavuni mwa boksi, kwa sababu rangi hiyo hiyo kutoka toleo jingine inaweza kutofautiana kidogo na jicho litaona. Watu wakishahesabu maboksi hudhani wamemaliza, wakasahau gundi, grauti ya kujazia maungio, vile vigae vya kuzungushia ukuta chini ambavyo mafundi wanaviita skatingi, na fundi mwenyewe. Vyote hivyo uviulizie bei kabla hujatoa shilingi. Chooni pia pahesabiwe peke yake, hujaniandikia vipimo. Pesa ikipungua, jiko lisubiri. Vyumba vya kulala vibaki na saruji iliyorekebishwa, hakuna anayekuja kuvikagua.

Nimesema gundi kwa makusudi. Seramiki unailoweka kwenye maji, unailaza juu ya mchanganyiko wa saruji na mchanga, inashika kwa sababu inafyonza. Posileni haifyonzi, kwa hiyo juu ya saruji tupu itakaa mwaka, miwili, kisha itaachia. Inataka gundi ya vigae ya unga, ya kukoroga na maji. Mfuko wa kilo 20 kwa vigae vikubwa hivi unafika kama mita 4 za mraba, kwa hiyo kwako ni mifuko tisa hivi. Fundi akikuambia saruji inatosha, mwambie mjomba wako amekataa.

Siku ya kazi, shona ukiwa karibu. Fundi apake gundi sakafu yote kwa mwiko wa meno, na mgongo wa kigae aupake pia. Ukimwona anaweka madonge matano, manne pembeni moja katikati, kisha anakigandamiza kigae juu yake, msimamishe hapo hapo. Kati ya madonge hubaki uwazi, na pasi yako ya mkaa ikidondoka juu ya uwazi huo, kigae kinapasuka. Aache nafasi ya milimita 3 kati ya kigae na kigae, na kama sentimita moja ukutani, itafichwa na skatingi. Mtu asikanyage siku nzima. Kesho yake, kabla ya grauti, pita na sarafu ukigonga kila kigae. Kilichoshika kinatoa mlio mzito, kilicho wazi kinalia kama debe. Vinavyolia tia alama ya chaki, ving'olewe siku hiyo hiyo, na kabla havijang'olewa fundi asilipwe kilichobaki.

Lakini yote hayo ni baada ya maua kuhama na sakafu kukauka. Mkihamisha bustani mwezi huu, rudieni jaribio la nailoni baada ya wiki nne. Nailoni ikitoka kavu, mwite fundi. Ikitoka na matone katikati ya sebule, niandikie kwanza, kuna dawa za kuzuia unyevu za kupaka juu ya jamvi na tutazungumza.

Boksi la 29 usilifungue. Liandike namba ya toleo kwa kalamu kubwa, lisukume chini ya kitanda cha mama mkwe. Kwingine kote baba watoto atalikuta na kuligeuza kizingiti cha bustani.